Mwanasesere, Kinyago au Tihu? Maoni Kuhusu Michongo ya Wahopi na Namna Tunavyoitaja

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu katika vyuo vyetu hukutana na jina la Wahopi mara moja tu, tena kwa haraka. Ni katika ule mhadhara unaohusu lugha na fikra, pale anapotajwa Benjamin Lee Whorf na dai lake kwamba Kihopi hakina njia ya kutaja wakati kama zilivyo lugha za Ulaya. Mhadhiri makini huongeza kwamba mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene kilichoonyesha, kwa mifano tele, kuwa Kihopi kina maneno na miundo mingi ya kutajia wakati. Baada ya hapo mada hubadilika, na Wahopi hubaki ubaoni kama mfano wa kufutwa.

Katika makala haya tunakusudia kuwaangalia Wahopi kwa upande mwingine, yaani kupitia michongo yao ya mbao ambayo dunia imezoea kuiita "wanasesere wa kachina", pamoja na michongo ya wachekeshaji wao wa kiibada. Kilichotusukuma ni zoezi la tafsiri. Wanafunzi wetu walipewa aya fupi ya maelezo kuhusu michongo hiyo waitafsiri kwa Kiswahili. Kwa mchongo wenyewe walileta maneno matatu: mwanasesere, sanamu na kinyago. Kwa mchekeshaji walileta mengine matatu: chale, mcheshi na mtani. Kila jibu lilikuwa na kamusi nyuma yake, kwa hiyo hakuna aliyestahili kukosolewa kwa uvivu. Hata hivyo, kila neno kati ya hayo liliacha nje jambo fulani, na hayo yaliyoachwa nje ndiyo ambayo Wahopi wamekuwa wakiyapigania, mara nyingine hadi mahakamani. Kwa maoni yetu, kulitaja jambo la watu wengine ni tendo la uhakiki, na anayetafsiri ameshatoa hukumu hata kama hakukusudia.

Wahopi, katsina na tihu

Wahopi wanaishi kaskazini mashariki mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, katika vijiji kumi na viwili hivi vilivyo juu na chini ya miinuko mitatu yenye vilele bapa. Kijiji cha Oraibi kinahesabiwa kuwa miongoni mwa makazi ya kale zaidi Amerika ya Kaskazini ambayo watu hawajayahama tangu kuanzishwa. Nchi yao ni kame. Wanalima mahindi, maharage na maboga bila mito ya kuwategemeza, kwa hiyo mvua kwao ni jambo la uhai na kifo.

Katsina ni roho zinazohusishwa na mababu, mawingu na mvua. Tunaandika "katsina" badala ya "kachina" kwa kuwa ndiyo namna Wahopi wenyewe wanavyopendelea. Inaaminika kwamba katsina hufika vijijini wakati wa majira ya baridi na kukaa na watu hadi mwezi Julai, kisha hurejea kwao, hasa katika milima ya San Francisco Peaks iliyo karibu na mji wa Flagstaff. Katika kipindi hicho hucheza ngoma uwanjani, hugawa vyakula na zawadi, na kuwaombea watu mvua na afya. Sherehe mbili zinatajwa sana: Powamuya ya mwezi Februari, ambapo maharage huoteshwa ndani ya vyumba vya ibada vilivyochimbwa ardhini, na Niman ya mwezi Julai, ambayo ni ya kuwaaga katsina.

Katika sherehe hizo mtoto wa kike hupewa na katsina mchongo mdogo unaomwonyesha katsina fulani. Mchongo huo kwa Kihopi unaitwa tihu, na wingi wake ni tithu. Mtoto mchanga hupewa ulio bapa kama ubao, na kadiri anavyokua hupewa wenye umbo kamili zaidi. Mtoto wa kiume hupewa upinde na mishale. Tihu huchongwa na wanaume kwa mzizi wa mti wa jamii ya popula unaoota kandokando ya mikondo ya maji. Mzizi huo ni mwepesi na hauna shida kuchongeka. Tena ni mzizi unaotafuta maji, jambo linaloafikiana na dua yenyewe. Baada ya kupokelewa, tihu hutundikwa ukutani au kwenye boriti za dari. Msichana huiangalia, huulizia, hufundishwa, na wakati mwingine huibeba. Ni zawadi, ni dua ya baraka na uzazi, na ni somo.

Yapo mambo kuhusu katsina ambayo Wahopi hawayasemi mbele ya watoto ambao hawajaingizwa katika mafunzo ya utu uzima. Nasi hatutayaandika hapa. Msomaji anayetoka katika jamii zenye jando na unyago hahitaji kuelezwa sababu.

Maneno matatu ya wanafunzi wetu

Tuanze na mwanasesere. Kamusi zetu hulieleza neno hili kuwa mtoto wa bandia wa kuchezea. Hapa Uganda mtoto hujitengenezea mwanasesere kwa maganda makavu ya mgomba, humbeba mgongoni asubuhi na jioni huweza kumsahau uani. Hakuna anayemgombeza, kwa kuwa mwanasesere ni wa mtoto tangu mwanzo hadi mwisho. Tihu inatoka kwa mkubwa asiyeonekana kila siku, inapewa kwa siku maalumu, na ina jina ambalo mtoto hakulichagua. Aliyetafsiri tihu kuwa mwanasesere amechukua umri wa mpokeaji na kuacha cheo cha mtoaji.

Afrika Mashariki ina mfano unaosaidia. Wazaramo wa pwani ya Tanzania walikuwa na mwana hiti, mchongo mdogo wa mbao usio na mikono wala miguu, ambao mwali alikabidhiwa akiwa ndani. Aliutunza kama mtoto, akajifunza kwa huo yale yaliyompasa mwanamke. Jina lake lina neno "mwana", na makumbusho nyingi za Ulaya ziliuweka kwenye kabati la wanasesere. Mwalimu wa Kiswahili anayejua unyago hawezi kukubali uwekwe hapo. Basi uangalifu tunaoutaka kwa mwana hiti tuutoe pia kwa tihu.

Neno la pili ni sanamu. Hili ni pana mno. Linachukua picha ya mtakatifu kanisani, mnara wa shujaa katikati ya mji, na umbo la nguo dukani. Kwa msomaji mwenye imani ya Kiislamu au ya Kikristo linaweza pia kubeba harufu ya ushirikina, yaani kitu kinachoabudiwa. Wahopi hawaiabudu tihu. Mwanafunzi aliyeandika "sanamu za miungu" aliongeza kosa la dini juu ya kosa la lugha.

Neno la tatu, kinyago, ndilo lenye hatari kubwa, na lilipendwa na wengi. Katika Kiswahili kinyago ni mchongo wa Kimakonde uliosimama mezani, na kinyago hichohicho ni kile kinachovaliwa usoni katika ngoma. Barakoa lingeweza kutusaidia kutenga maana hizi mbili, lakini tangu mwaka 2020 neno hilo limetawaliwa na hospitali na ugonjwa wa korona. Sasa, kwa Wahopi, mpaka kati ya mchongo na kile kinachovaliwa ni mkubwa kuliko mipaka yote. Tihu inaweza kutolewa, kutunzwa na hata kuuzwa. Kinachovaliwa hakiuzwi. Wahopi hukiita kwa neno lenye maana ya rafiki, hukihesabu kuwa na uhai, na hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni mali yake. Anayeviita vyote viwili kinyago amefuta mpaka huo kwa neno moja. Tena tuna methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo inachukulia kuwa kazi ya kinyago ni kutisha, na kwamba aliyekichonga amekizoea. Mchongaji wa Kihopi anajua fika kuwa ameshika mzizi, wala haogopi, lakini heshima yake kwa alichokichonga haipungui kwa kujua huko.

Mchongo wa zamani na mchongo wa sasa

Uhakiki wa michongo yenyewe hauna budi kukabili swali ambalo wakusanyaji hupenda kulikwepa: ipi ni mizuri zaidi, na kwa kipimo gani?

Tithu za karne ya 19 zina umbo la kutulia. Mwili ni kipande kimoja kifupi, mikono imebanwa tumboni, miguu mifupi, kichwa kikubwa kupita kiasi. Mchongaji alipaka kwanza udongo mweupe, kisha rangi za madini na mimea. Kwa jicho lililozoea sanamu za Ulaya, kazi hiyo inaonekana kama haijamalizika. Lakini ukubwa wa kichwa una sababu yake. Katsina hutambulika kwa kichwa: rangi ya uso, umbo la macho na mdomo, pembe, manyoya, alama ya wingu au ya nyayo za ndege shavuni. Mchongaji aliweka ukubwa pale palipo na habari. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchora ubaoni anaelewa mantiki hiyo.

Njia ya reli ilipofika kaskazini mwa Arizona katika miaka ya 1880, watalii na wakusanyaji walifuata. Mwaka 1894 Jesse Walter Fewkes alichapisha utafiti wake wa mapema kuhusu michongo hii. Kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na mahoteli kandokando ya reli, iliinunua na kuiuza. Wasanii wa Ulaya nao waliipenda: Max Ernst aliimiliki, na André Breton aliwatembelea Wahopi mwaka 1945. Mwanasiasa Barry Goldwater alikusanya 437, akaikabidhi Heard Museum ya Phoenix mwaka 1964. Mnunuzi mpya hakutaka kitu cha kutundika kwenye boriti; alitaka kitu kinachosimama rafuni. Mchongo ukapata kitako. Mikono ikaachana na tumbo, miguu ikapiga hatua, misuli ikaonekana. Rangi za dukani zikachukua nafasi ya zile za madini. Kisha zikaja sheria za Marekani za kulinda tai na ndege wahamao, ambazo zilifanya iwe kosa kuuza mchongo wenye manyoya ya ndege hao. Wachongaji wakajibu kwa kuyachonga manyoya yenyewe kwa mbao, unyoya kwa unyoya, kwa ustadi unaoshangaza.

Wapo wanaosema kwamba michongo hii ya mwendo ni uharibifu. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Walioichonga ni Wahopi, wengi wao wanashiriki katika maisha ya ibada ya vijiji vyao, na pato la michongo limesomesha watoto na kuezeka nyumba mahali penye ajira chache. Ustadi wao ni wa kweli. Hata hivyo, tunaona kwamba kitu kimehama. Mchongo wa zamani hautoi kisa. Umesimama kimya, na mtoto anayeutazama hulazimika kumuuliza bibi yake: huyu ni nani, huja lini, hufanya nini? Mchongo wa mwendo unajibu kabla ya kuulizwa. Unamwonyesha mtazamaji hatua ya ngoma, naye hutosheka. Kwa kipimo cha kufundisha, ambacho ndicho kipimo cha tihu tangu asili yake, ule wa kimya ni bora zaidi kwa sababu hauwezi kufanya kazi bila watu. Si ajabu kwamba tangu miaka ya 1970 baadhi ya wachongaji, akiwemo Manfred Susunkewa, waliurudia mtindo wa zamani na rangi za asili kwa makusudi.

Kuna mchongaji mmoja ambaye tunadhani anapaswa kusomwa na kila anayefundisha tafsiri. Wilson Tawaquaptewa alikuwa kiongozi wa Oraibi wakati kijiji hicho kilipogawanyika mwaka 1906, akafariki mwaka 1960. Aliwauzia wageni michongo mingi. Lakini alichanganya kwa makusudi sehemu za katsina mbalimbali, kichwa cha huyu na alama za yule, hata isiwezekane kumtambua katsina yeyote. Wakusanyaji wa zamani waliiona kazi yake kuwa ya ovyo. Leo inathaminiwa mno. Sisi tunaiona kuwa hukumu iliyopimwa vizuri: mnunuzi alipata mwanasesere, na tihu ikabaki nyumbani.

Mchekeshaji na nusu ya pili ya kicheko

Tunafika kwa wachekeshaji, ambao michongo yao ndiyo inayonunuliwa kwa wingi na kueleweka kwa uchache. Wapo wa aina kadhaa. Koyemsi, ambaye wageni humwita Kichwa-Tope kwa sababu ya kichwa chake cha rangi ya udongo chenye vinundu, ni katsina, na anahusishwa pia na jirani zao Wazuni. Tsuku hupakwa rangi ya udongo na hahesabiwi kuwa katsina. Yule wa mistari myeupe na myeusi mwenye pembe mbili zenye maganda ya mahindi, ambaye wafanyabiashara humwita Koshare, ndiye anayejaa madukani, mara nyingi akiwa anatafuna kipande cha tikiti maji.

Uwanjani mambo huwa hivi. Katsina wanacheza kwa utaratibu na heshima. Wachekeshaji hutokea juu ya mapaa ya nyumba, wakipiga kelele, na hushuka kwa shida kama watu waliopotea. Wanapowaona katsina hushangilia na kudai kuwa kila kizuri wanachokiona ni chao. Hula kwa ulafi. Hugombana, hudanganya, husema maneno ya aibu mchana kweupe, huwaigiza watalii, maofisa wa serikali na wataalamu wanaokuja na madaftari. Watu hucheka hadi machozi. Kisha katsina walinzi huja na kuwaonya. Hawasikii. Huonywa tena na tena. Mwishoni huchapwa na kumwagiwa maji, na kila mmoja huungama makosa yake mbele ya watu, nako kuungama huko ni kwa mzaha unaochekesha upya. Baada ya hapo husafishwa na kurudishiwa heshima.

Emory Sekaquaptewa, msomi wa Kihopi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Arizona, aliandika makala mashuhuri kuhusu jambo hili. Kwa mtazamo wake, mchekeshaji huonyesha udhaifu wa binadamu mbele ya maisha makamilifu ambayo katsina huyawakilisha, na watu huucheka udhaifu huo wakijua kuwa ni wao wenyewe.

Sasa tuyapime maneno ya wanafunzi. Chale na mcheshi ni watu wa kuburudisha. Wakimaliza, hulipwa au hushangiliwa, wakaenda zao. Neno mtani lilitushawishi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa lina ruhusa ndani yake. Mtani anaweza kutania hata msibani, na hakuna anayemkasirikia. Lakini mtani humtania mwingine, na hukumu humwangukia mwingine. Mchekeshaji wa Kihopi hubeba kosa mwilini mwake, na viboko humwangukia yeye. Mtani hulinda undugu kati ya makundi mawili. Huyu huwaonyesha watu wa kundi moja sura yao. Kwa hiyo mfano wa mtani unafaa kama mlango wa kumwingiza mwanafunzi, ila haufai kuwa tafsiri.

Hapa ndipo uhakiki wetu wa michongo ya wachekeshaji unapokuwa mkali kidogo. Koshare wa tikiti maji amekamatwa katikati ya ulafi. Amechongwa kwa ustadi, tumbo limetuna, macho yamekodoka, maji ya tikiti yanatiririka kidevuni. Mnunuzi anacheka na kumpeleka sebuleni. Alichokinunua ni nusu ya kwanza ya tendo. Onyo, fimbo, maji na ungamo vimebaki uwanjani. Kicheko kisichofuatwa na hukumu kinageuka kuwa kicheko cha kumcheka Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa zamani, na mnunuzi hajui kuwa miongoni mwa waliochekwa uwanjani alikuwemo yeye mwenyewe na kamera yake. Wachekeshaji waliochongwa kwa mtindo wa zamani, wakiwa wima na mikono tumboni kama tithu nyingine, hawachekeshi. Ndiyo sababu tunawapendelea. Hawajachagua nusu, kwa hiyo simulizi nzima bado imo mdomoni mwa anayefundisha.

Neno linapofika sokoni

Yawezekana msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya darasani. Matukio yanaonyesha vingine. Mwaka 1992 kampuni ya Marvel ilitoa kitabu cha katuni kilichowatumia katsina kama wahuni wa kupigana na shujaa. Wahopi walikasirika, kampuni ikakiondoa sokoni, lakini vijiji kadhaa vilifunga ngoma za katsina kwa wageni. Wageni waliokuwa wakija kwa adabu nao walikosa.

Tarehe 12 Aprili 2013, nyumba moja ya mnada jijini Paris iliuza vitu vitakatifu vipatavyo 70 vya Wahopi, vile vinavyovaliwa na kuitwa rafiki. Wahopi waliomba mnada uzuiwe, na ubalozi wa Marekani ukaunga mkono. Mahakama ilikataa, kwa kuwa sheria ya Ufaransa haikuvitambua kuwa na hadhi ya mwili wa binadamu. Katika katalogi viliitwa vinyago, na kinyago ni bidhaa. Mwezi Desemba mwaka huohuo ulifanyika mnada mwingine, na taasisi ya Annenberg ilinunua kwa siri vitu 24, kisha ikavirudisha: 21 kwa Wahopi na 3 kwa Waapache wa San Carlos. Marekani yenyewe ilikuwa na sheria ya mwaka 1990 inayozihusu makumbusho zake, lakini haikuwa na uwezo nje ya mipaka. Mwezi Desemba 2022 ilipitishwa sheria nyingine inayozuia vitu vitakatifu vya makabila ya asili kusafirishwa nje ya nchi.

Habari hii si ngeni kwetu. Vifaa vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilikaa Cambridge kwa miongo kadhaa hadi viliporudishwa Uganda mwaka 1962. Kule pwani ya Kenya, vigango ambavyo Wamijikenda huwasimamishia marehemu wa chama cha Gohu viliibwa na kuuzwa kwa watalii kama mapambo, vingi vikaishia Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver Museum of Nature and Science, iliyoshazoea kuzungumza na makabila ya asili ya Marekani kuhusu vitu vyao, iliamua kuvirudisha vigango 30. Njia iliyofunguliwa na watu kama Wahopi imemfaa Mgiriama wa Kilifi.

Tunajifunza nini kilugha? Kiswahili hakikukitafsiri kigango. Kilikichukua jinsi kilivyo, japokuwa kwa Wakatoliki neno kigango lina maana nyingine kabisa, na hakuna aliyelalamika kwamba msamiati umelemewa.

Mapendekezo na hitimisho

Wenzetu wengine wamehoji kwamba kukopa kila neno ni kukwepa kazi ya mfasiri. Hoja hiyo ina uzito, na hatupendekezi kukopa kila kitu. Tunapendekeza kukopa pale ambapo neno letu lingefuta mpaka ambao wenyewe wanauheshimu. Kwa hiyo tunashauri kuandika "tihu", na wingi wake "tithu", zikifuatwa mara ya kwanza na maelezo mafupi: mchongo wa katsina anaopewa mtoto wa kike. Kinyago kisitumike kwa tihu kamwe, na kwa kile kinachovaliwa kisitumike bila maelezo. Kwa mchekeshaji tunashauri "mchekeshaji wa kiibada", na mwalimu aeleze darasani tofauti yake na mtani.

Aidha, mwanafunzi anapokutana na kitu kigeni ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua kamusi: nani hukitoa, nani hukipokea, na ni kipi kati ya hivi ambacho wenyewe hawakiuzi? Maswali haya yangetosha kuyazuia majibu yote sita tuliyoyataja.

Tumalizie na kamusi. Mwaka 1998 ilichapishwa kamusi kubwa ya Kihopi yenye vidahizo takriban 30,000, ambayo Sekaquaptewa aliifanyia kazi kwa miaka mingi pamoja na wanaisimu wenzake. Kabla haijatoka, ofisi ya Wahopi inayoshughulikia uhifadhi wa utamaduni ilipinga, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hii: lugha ni ya wenyewe, iweje iuzwe kwa watu wa nje? Kamusi ilitoka hatimaye, na imewasaidia vijana wa Kihopi kusoma na kuandika lugha yao. Sisi tunaofundisha lugha inayosemwa na mamilioni, ambayo kila mtu anakaribishwa kujifunza, hatujawahi kulazimika kujiuliza swali hilo. Ni vizuri tulisikie kutoka kwa watu wachache ambao maneno yao, kama michongo yao, yamenunuliwa sana na kusikilizwa kidogo. Tunawaalika walimu na wanafunzi watuletee maoni yao, hasa wale ambao katika lugha zao za mama kuna kitu ambacho Kiswahili bado hakijakipatia jina linalokitosha.